Madoa Upande wa Mizani

Wallahi sikuwa nimelala. Naanza na hilo kwa sababu ndilo swali la kwanza watu wanaloniuliza: ulikuwa umelala? Ulikuwa na homa? Sikuwa na homa, sikuwa na njaa, na nilichokuwa nimetia kinywani tangu asubuhi ni chai na mkate wa kumimina. Ilikuwa alasiri, mlango wa duka uko wazi, pikipiki zinapita nje. Mmezoea kusimuliwa kwamba mambo haya hutokea usiku wa manane. Haya yangu yalitokea saa ambayo watu wananunua sukari.

Na jambo jingine nikwambie mapema, usije ukanilaumu kwamba nilikuficha. Mwanamke utakayemkuta ndani ya kisa hiki alikuwa amekwisha kuzikwa. Alizikwa Bweni, kule juu karibu na mnara wa taa wa Ras Mkumbi, na waliomzika wapo, wanakula na kunywa, nenda kawaulize. Sasa tulia nikusimulie.

Mimi nina duka hapa Kilindoni, kisiwani Mafia. Babu wa babu yangu alikuja kutoka Kachi na marobota ya nguo. Mimi nauza misumari, kamba, betri na nyuzi za kushonea nyavu. Ukiniita Mhindi nitaitika, ukiniita Mmafia nitaitika upesi zaidi. Kazi yangu ya pili, ambayo mke wangu anaiita ugonjwa, ni pesa za kale za shaba. Watu hulima, huchimba choo, huvunja nyumba ya babu yao, wakakuta kipande cha shaba kimeota ukoko wa kijani, wakaniletea. Wachache wanataka kujua ni nini. Wengi wanataka ing'ae.

Hapo ndipo tunapogombana. Mtu akishataka shaba ing'ae atatia ukwaju, atatia ndimu, atasugua kwa majivu kama anavyosugua sinia la shughuli, na akimaliza ameichuna ngozi. Shaba ina ngozi, bwana. Ile rangi ya kahawia unayoiona ndiyo ngozi yake, imeota taratibu kwa umri wa watu wawili watatu. Ukiitoa, shaba inabaki uchi, na kwenye hewa ya chumvi kama ya kwetu kilicho uchi hakichelewi kupata madoa.

Na lipo jambo ambalo watu wakiambiwa hucheka. Shaba haisemewi. Ukiinamia pesa ya shaba ukazungumza, mate yanaruka, matone madogo usiyoyaona, yanatua. Siku hiyo huoni kitu. Baadaye ndipo unaona vidoa vyeusi, viduchu, kama mtu amenyunyiza wino kwa ncha ya kalamu, na vidoa hivyo ni vibishi kutoka. Kwa hiyo nikiweka pesa mezani mimi hunyamaza, na aliye karibu yangu hunyamazishwa. Mke wangu anasema tangu nimuoe sijawahi kumheshimu kwa ukimya kama ninavyoziheshimu zile pesa, na mpaka leo sijajua kama ni sifa au natukanwa.

Basi. Siku moja ya mvua ya rasharasha akaja kijana mrefu, wa miaka thelathini na kitu, mikono imejaa makovu ya cheche. Jina lake Sadiki, mzaliwa wa Bweni, fundi wa kuchomelea vyuma huko bara, Mbagala. Akaniamkia, "Shikamoo mzee," nikamwitikia. Akatoa kitambaa mfukoni, akakifungua juu ya kaunta, kisha akarudi nyuma kidogo kama mtu aliyeweka nge.

Ndani mlikuwa na pesa ya mizani. Ni zile za Unguja za zamani, upande mmoja jina la sultani kwa maandishi ya Kiarabu, upande wa pili mizani ya kupimia. Imetobolewa tundu. Kwa wakusanyaji pesa yenye tundu ni takataka, lakini mimi ni mtu wa hapa, najua tundu lile ni la nini. Wazee walikuwa wakimfunga mtoto mchanga pesa ya shaba kiunoni, kwa uzi mweusi, imkinge na jicho baya. Pesa ile ilikuwa ya mtoto wa mtu. Ilikuwa imesuguliwa mpaka ikawa nyekundu mbichi, na juu ya wekundu ule madoa meusi.

"Nani kaiosha hii kwa ukwaju?" nikamuuliza.

"Mimi."

"Mara ngapi?"

"Kila yakirudi."

Nilikuwa na maneno yangu ya siku zote, ninayo tayari mdomoni kwa watu wa ukwaju. Nikamtazama usoni nikayameza.

Alinieleza akiwa amesimama, hakutaka kiti. Mama yake alikuwa Bi Riziki, msukaji wa mikeka pale Bweni, na yeye ndiye mwanawe wa pekee. Baba alifariki mapema. Mama alitaka akae, aoe pale pale, ashike minazi. Yeye alitaka kwenda. Wakarushiana maneno, na katika kurushiana huko Sadiki akamwambia mama yake kwamba mikeka yake haijawahi kumfikisha mtu popote. Asubuhi akabeba begi, akapanda boti ya kuvuka bara, ya Nyamisati, hakuaga. Tangu hapo alikuwa akituma vitu kwa mikono ya watu, mama akivipokea na kusema ahsante kwa mikono ya watu hao hao. Sauti zao hazikukutana tena.

Halafu ikaja simu kwamba mama kaanguka baada ya sala ya alfajiri. Unajua sisi hatuweki maiti. Sadiki alifika Nyamisati boti imekwisha ondoka, akalala pale gatini na nguo zake za kazi, na alipofika Bweni alikuta udongo mbichi. Mama yake mdogo akamkabidhi kile kilichokutwa kimefungwa kwenye pindo la kanga ya marehemu. Ni hiyo pesa, ile ile aliyofungwa yeye kiunoni alipokuwa mchanga. Na ilikuwa imejaa madoa.

"Mama amekufa hajaniwia radhi, mzee," akasema. "Na hiki ndicho alichoniachia. Nikiyasugua yanarudi. Mke wangu ana mimba. Nilitaka mtoto aje avae pesa niliyoivaa mimi. Nitamvika mwanangu laana?"

Nikwambie ukweli, ilinichoma. Kwetu mtu anaweza kukosa nyumba, akakosa kazi, akaishi na watu na akacheka. Akikosa radhi ya mama, hata chakula hakimshuki vizuri. Kijana yule alikuwa hajala vizuri, ungemwona tu. Nikamwambia laana haina rangi, haya ni madoa ya kawaida: ukwaju umebaki ndani ya vinyweleo vya shaba, ndio unaoyaleta. Niachie. Akaniachia, akarudi Bweni kwa mama yake mdogo.

Nikaifanyia kazi pesa ile kama inavyotakiwa. Kwanza nikailaza kwenye maji ya betri, yale safi ya kuongezea, siyo ya tindikali, nikiyabadilisha asubuhi na jioni mpaka uchachu utoke. Nikaipitisha kwenye asetoni kuondoa mafuta ya vidole. Nikailaza kwenye mafuta ya zeituni, nikaiacha humo muda mrefu, maana zeituni haina haraka. Doa lililobaki nikalichokoa kwa mwiba wa mdimu, taratibu, chini ya kioo cha kukuzia. Siyo chuma; chuma kinakwaruza. Halafu nikaikausha kwa joto la taa, nikaifunga kwa pamba, nikaitia kwenye mkebe wangu wa bati pamoja na vile vifuko vya chembechembe vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu, maana vinakunywa unyevu. Mkebe una kufuli. Ufunguo naulaza mfukoni mwangu.

Nilipoufungua kesho yake, madoa yamerudi.

Nikajilaumu, nikadhani sikuikausha sawasawa. Nikarudia kazi yote. Yakarudi. Nikabadilisha pamba, nikabadilisha vifuko, nikaweka kando yake pesa nyingine iliyochunwa kama yenyewe, nione. Ile nyingine ikakaa safi. Ya Sadiki ikaota madoa, mapya, yamelala pale pale.

Ndipo nikakaa chini na kioo nikaitazama kwa makini, jambo ambalo ningepaswa kulifanya tangu mwanzo. Ugonjwa wa chumvi huota kijani, unga unga, unakula kutoka ndani, na hauchagui upande. Haya yalikuwa meusi, ya mviringo, yametawanyika kama manyunyu, na yote yalikuwa upande wa mizani. Upande wa maandishi haukuwa na hata moja. Yale hayakuwa ya ukwaju wala ya chumvi. Yalikuwa mate. Mtu alikuwa akiisemea pesa ile.

Nikamwendea mke wangu. Akaniambia, "Baba Nasra, mimi nikose mtu wa kuzungumza naye mpaka nizungumze na pesa?" Kisha akafikiri kidogo, akaongeza kwamba pengine hata hilo lingewezekana, kwa hali ilivyo nyumbani. Nikatoka pale haraka.

Lakini kichwa kilikuwa kinanizunguka. Kwa nini upande mmoja tu? Huyo anayeisemea anageuza maandishi chini kwa makusudi. Nikajiuliza ni nani wa kufanya hivyo, na jibu likaja lenyewe. Mzee wa kwetu asiyesoma sana haoni jina la sultani pale. Anaona herufi za msahafu, na herufi za msahafu huwezi kuzirushia mate hata kama unaomba dua. Utazigeuza chini kwa adabu, halafu ndipo usome, upulize. Bado sikujua ni nani, lakini nilijua ni mtu wa namna gani.

Siku iliyofuata nilitoka msikitini baada ya sala ya alasiri. Mvua ilikuwa inanyesha kweli kweli sasa, nikaingia dukani nimelowa mabega, nikapita moja kwa moja chumba cha nyuma ninakofanyia kazi ya shaba. Nikamkuta bibi mmoja ameketi juu ya boksi la misumari. Mwembamba, kanga mbili, ukili wa mkeka umelala mapajani mwake, nusu umesukwa. Mdomo mwekundu wa tambuu. Na mkononi ameishika pesa ya mizani, karibu na midomo, ananong'ona.

Unajua nilifanya nini? Ungedhani nilikimbia. Nilimkaripia. Mazoea mabaya haya. Sikutoa salamu, sikuuliza wewe nani, nikasema tu, "Bibi, shaba haisemewi."

Hakushtuka. Alimaliza alichokuwa akisema, akaipuliza pesa polepole, mara moja, kama unavyompulizia mtoto jeraha. Kisha akanitazama, akasema, "Waalaikumu salaam."

Nikaona haya mpaka masikioni. "Shikamoo," nikasema.

"Marahaba mwanangu. Duka lako lina joto."

Nikaona jinsi alivyoishika ile pesa. Alikuwa ameishika kwa ukingo, kwa ncha za vidole viwili. Watu wote huibana katikati kwa gumba, ninawakataza miaka nenda miaka rudi. Gumba lake la kulia lilikuwa na ufa mrefu wa zamani, ule wanaoupata wasukaji kwa makali ya miyaa ya kusukia. Nikamwambia kwa adabu sasa, kwamba pesa ile ni amana ya mtu na mimi nimeombwa kuitoa madoa.

"Najua ni ya nani," akasema. "Ndicho kilichonileta. Mimi nasema, nyinyi mnafuta. Nasema tena, mnafuta tena. Nitapumzika lini?"

"Mwenyewe ndiye aliyetaka, bibi."

"Mwenyewe ndivyo alivyo tangu mdogo, akiona doa hana raha, atasugua mpaka kitambaa kitoboke. Mwambie mama yake kasema asimuosheoshe. Wanawake wa Bweni walikwisha kunikosha mara moja, na walinikosha vizuri, yatosha."

Nikacheka. Niamini, nilicheka, maana alilisema kwa utani kabisa, na maana yake ilinifikia baada ya kicheko. Alipoona nimeelewa akatikisa kichwa kidogo, kama anayesema haya, sasa tuendelee. Akasema, "Mwambie aje mwenyewe. Mimi siwezi kuongea na mtoto wangu kupitia mafuta ya zeituni."

Nikageuka kuutazama mkebe. Ulikuwa mezani, kufuli limefungwa, ufunguo niliushika mfukoni. Nikageuka kumtazama bibi. Boksi la misumari lilikuwa na vumbi lake juu, halijakaliwa. Nikafungua mkebe, na ndani ya pamba, ndani ya vifuko vyake, pesa ya mizani ilikuwa imelala kifudifudi kwa maandishi, na upande wa juu umepata ukungu wa pumzi, kama kioo mtu akikihema. Chumba chote kilinuka tambuu.

Niliogopa? Niliogopa sana, sitakudanganya, nilikaa chini pale pale sakafuni. Lakini kilichonikaa zaidi rohoni ni kwamba mama wa watu ametembea kutoka huko alikotoka, na mimi nimemkaripia.

Nikampigia Sadiki. Nikamuuliza mama yake alikuwa akila tambuu? Akasema ndiyo. Gumba lake la kulia lilikuwa na ufa? Hapo akasema, taratibu, "Mzee, wewe umemjulia wapi mama yangu?" Nikamwambia amekuja hapa dukani kwangu, anakuita, njoo kesho, uje kabla ya alasiri.

Alikuja kwa pikipiki, amelowa, midomo imekauka. Alikuwa na hakika kwamba mama yake amekuja kumshitaki kwangu. Nikamwambia hakuonekana kama mtu mwenye kesi, lakini maneno yangu hayakumwingia. Tuliswali pamoja, tukarudi, tukaketi chumba cha nyuma, pesa iko katikati yetu juu ya kitambaa. Mke wangu nilimwomba ashike duka. Aliniangalia, akamwangalia yule kijana, na kwa mara ya kwanza hakuwa na neno la kunichoma.

Bi Riziki akaingia kwa mlango wa dukani, na ukili wake mkononi.

Mimi nilimwona kama ninavyokuona wewe. Nikasimama, nikasema shikamoo, nikamsogezea kigoda. Sadiki aliniona nikiamkia hewa, na uso wake ukabadilika rangi. Yeye hakumwona. Mpaka leo sijui kwa nini niwe mimi, mtu baki, nione, na mwana asione. Bi Riziki aliketi mbele ya mwanawe magoti karibu yagusane, akamtazama.

"Amekonda," akasema.

"Anasema umekonda," nikamwambia Sadiki.

Kijana yule akatoa sauti ambayo sijui niiite kicheko au nini. Akapiga magoti sakafuni, uso ameuelekeza kigodani, akasema, "Mama, nilikukosea. Nilisema maneno mabaya, nikaondoka bila kuaga. Niwie radhi mama. Nakuomba."

Bi Riziki akaichukua pesa kutoka kwenye kitambaa, kwa ukingo, akaigeuza maandishi chini. Hapo Sadiki aliona. Aliiona pesa ikiinuka peke yake mpaka usawa wa uso wa mtu aliyeketi, na hakukimbia. Mama yake akaanza kusema, na mimi nikawa ninapokea na kumpa, neno kwa neno, nimeinama juu ya pesa ile pamoja nao.

"Mwambie siku ile nilikasirika kutoka jikoni mpaka mlangoni. Nilipofika mlangoni nikauona mgongo wake na begi lake, hasira ikaisha. Nikasema, mwanangu huyo anakwenda. Nilitaka kumwita, nikaona atarudi nyuma kwa ajili yangu na atanilaumu maisha. Nikaifungua pesa pindoni, nikaisemea. Si ndiyo iliyokuwa kiunoni mwake? Ukiisemea umemsemea. Nikasema, nimekuwia radhi Sadiki, duniani na akhera, nenda salama. Boti yake haijafika hata Nyamisati."

Niliyatoa yote kama yalivyo. Mate yangu mwenyewe yalikuwa yakiruka juu ya shaba ile na wala sikujali.

"Na tangu siku ile kila alasiri. Nikisuka, nikimaliza sala, naifungua, namsemea, naifunga. Simu nilikuwa nayo. Lakini kwenye simu ningelia, naye angelia, halafu tungekosana upya. Kwa pesa hatukosani. Sasa mimi nimekufa, na yeye ameyachukua maneno yangu yote anayasugua kwa ukwaju. Ikabidi nianze tena moja moja. Kila doa alilolitoa ni siku niliyomwombea."

Sadiki alilia. Alilia kama mtoto, kwa kamasi, bila kujificha, na mimi mtu mzima wa duka nililia naye. Bi Riziki akasema nimwambie afute pua, kwamba hata siku ya jando alilia vivyo hivyo na kabla hajaguswa. Nikamwambia. Akafuta pua kwa mkono wa shati.

"Mke wangu ana mimba, mama," akasema.

"Najua. Mfungeni mtoto hii hii, na msiisugue. Yeye ataikojolea, itapata madoa mengine, si neno."

Kisha akaileta midomoni akaipuliza mara ya mwisho, na Sadiki akauona ukungu ule ukitanda juu ya mizani. Pesa ikashuka ikalala kitambaani. Akanyoosha kidole chake chenye makovu, akagusa. "Imelowa," akasema. "Ina joto." Akakaa hivyo, kidole juu ya pesa, mimi niliyekuwa nikiwapigia watu kelele kwa jambo hilo nikamwacha.

Bi Riziki akakunja ukili wake. "Haya," akasema, "naona nimemaliza. Ahsante mwanangu." Akasimama, akapita dukani, mimi nyuma yake. Mlangoni palikuwa na mama mmoja anaingia kununua betri. Yule mama akajitenga pembeni, kama unavyompisha mwenzako, halafu akasimama akiangalia nyuma, hajui amempisha nani. Nje watu walikuwa wakipita na miavuli yao. Sikumwona tena.

Pesa ile sikuitoa doa hata moja. Niliipaka zeituni kidogo sana, kwa pamba, chumvi isije ikaila, basi. Nikakaa nayo mkebeni mpaka mtoto alipozaliwa, na kila asubuhi niliitazama. Halikuota doa jipya, wala moja. Alizaliwa mtoto wa kike, na jina sina haja ya kukwambia. Sadiki alikuja mwenyewe kuichukua, amenenepa mashavu, na uzi mweusi mfukoni. Kabla hajaondoka akaniuliza jambo ambalo naona alikuwa amekaa nalo siku zote zile. Akaniuliza, "Mzee, mama alionekana amechoka?"

Nikamwambia ukweli. Siku ya kwanza, ndiyo. Siku ya pili, hapana.

Mimi bado nasafisha shaba, lakini kazi imenibadilika mikononi. Pesa ikiletwa naitazama kwanza pande zote mbili, na madoa yakiwa upande mmoja tu namuuliza mwenyewe: nani alikuwa akiisemea hii? Wengine wananiona nimezeeka vibaya. Wengine wanaifunga tena kwenye kitambaa, wanaondoka nayo, na mimi siwafuati. Na zipo alasiri za mvua ambazo mke wangu anaingia chumba cha nyuma na kuuliza nani ameingia na tambuu humu ndani. Namwambia simjui, na kweli simjui: Bi Riziki alikwisha kumaliza, huyu ni mama wa mtu mwingine. Anasimama pale mlangoni kidogo, ananusa, anarudi dukani kwake.

Usiniamini ukitaka, sikulazimishi. Lakini mama yako akiwa hai na mmekosana, nenda kwake leo, hata kama utakaa tu usiseme kitu. Yeye alikwisha kukusamehe tangu mlangoni. Usimwachie kazi ya kukutafuta kukwambia.